Kufanana au Kupatana? Upatanifu wa Mwajiriwa na Utamaduni wa Kampuni katika Soko la Ajira Linalobadilika nchini Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya upatanifu baina ya mwajiriwa na utamaduni wa kampuni katika mazingira ya Tanzania, ambako tangu miaka ya 1990 nafasi za ajira rasmi zimekuwa zikitafutwa kwa wingi katika kampuni binafsi badala ya mashirika ya umma. Uchambuzi umejengwa juu ya misingi mitatu: nadharia za utamaduni wa taasisi, historia ya ajira nchini, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 pamoja na Kanuni za Mwenendo Bora za mwaka 2007. Hoja kuu ni kwamba upatanifu umekuwa ukichanganywa na kufanana, na mkanganyiko huo huwaumiza zaidi wale wasio na njia ya kujitetea, hususan waajiriwa walio katika muda wa majaribio. Makala yanapendekeza kwamba upatanifu upimwe kwa matukio yanayoweza kuelezwa na kujibiwa, wala si kwa sifa za jumla wala kwa hisia za msaili.

1.0 Utangulizi

Katika matangazo mengi ya nafasi za kazi yanayotolewa na kampuni binafsi nchini Tanzania, orodha ya sifa za mwombaji haiishii kwenye elimu na uzoefu. Mwombaji hutakiwa pia awe mtu anayeendana na utamaduni wa kampuni. Sharti hili huwekwa mwishoni, kwa maneno machache, na kwa kawaida halifafanuliwi. Hata hivyo, lina uzito mkubwa. Mwombaji mwenye vyeti vinavyotakiwa anaweza kukataliwa kwa sababu hiyo, na mwajiriwa mpya anaweza kuachishwa kazi kabla ya kuthibitishwa kwa maelezo kwamba “haendani nasi”.

Ugumu wa sharti hili ni kwamba halina kipimo kinachofahamika kwa pande zote mbili. Cheti kinaweza kukaguliwa na miaka ya uzoefu inaweza kuhesabiwa, lakini kuendana na utamaduni hubaki katika fikra za yule anayechagua. Kwa upande wake, mtafuta kazi hana njia iliyozoeleka ya kuujua utamaduni wa mahali anakoomba kabla ya kuingia. Huusoma katika tovuti ya kampuni, ambako kila kampuni hujieleza kuwa ina uadilifu, ubunifu na ushirikiano.

Makala haya yanajibu maswali mawili. Kwanza, upatanifu wa mwajiriwa na utamaduni wa kampuni una maana gani katika mazingira ya Tanzania? Pili, unawezaje kupimwa kwa namna iliyo ya haki kwa mwajiri na kwa mwajiriwa?

2.0 Dhana ya Upatanifu

Katika taaluma ya uongozi wa taasisi, mchango wa Edgar Schein wa mwaka 1985 ungali ndio unaorejelewa zaidi. Schein aliugawa utamaduni wa taasisi katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mambo yanayoonekana, kama vile mpangilio wa ofisi, mavazi na namna watu wanavyoitana. Ngazi ya pili ni maadili yanayotamkwa, yaani yale ambayo taasisi husema inayaamini. Ngazi ya tatu ni imani za msingi ambazo wahusika wamezizoea kiasi kwamba hawazisemi tena. Kwa mujibu wa mgawanyo huu, mgeni huona ngazi ya kwanza, husoma ngazi ya pili, lakini huhukumiwa kwa ngazi ya tatu. Hapa ndipo ugumu wa mwajiriwa mpya unapoanzia.

Kuhusu upatanifu wenyewe, Jennifer Chatman alichunguza wakaguzi wa hesabu walioanza kazi katika kampuni 8 kubwa za uhasibu nchini Marekani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1991. Alibaini kwamba wale ambao maadili yao yalikaribiana na ya kampuni walizoea kazi haraka, waliridhika zaidi na walikusudia kubaki kwa muda mrefu. Alibaini pia jambo ambalo mara nyingi husahaulika: waliotumia muda mwingi pamoja na wenyeji wa kampuni na kupata mlezi wa kikazi walizidi kuendana nayo kuliko wale ambao hawakupata fursa hiyo. Kwa hiyo, upatanifu kwa kiasi fulani hujengwa baada ya mtu kuajiriwa. Si kitu ambacho mtu huja nacho kikiwa kimekamilika.

Katika mapitio yake ya mwaka 1996, Amy Kristof alitofautisha upatanifu wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, mtu hulingana na taasisi kwa sababu ana sifa zilezile walizonazo waliomo. Katika aina ya pili, hulingana nayo kwa sababu huleta kile kinachopungua. Wazungumzaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali kuielewa tofauti hii. Methali isemayo “ndege wafananao huruka pamoja” inaeleza aina ya kwanza, na ile isemayo “mgeni njoo, mwenyeji apone” inaeleza aina ya pili.

Lugha ya Kiswahili inatupatia msaada mwingine. Kufanana ni kuwa na sura au tabia moja. Kupatana ni kufikia makubaliano: wagomvi hupatana, na mnunuzi na muuzaji hupatana bei. Watu wanaopatana bei hawafanani kwa lolote, bali kila mmoja ametamka anachotaka, amesikia anachotaka mwenzake, na wamefika mahali ambapo wote wawili wanaweza kusimama. Katika makala haya, neno upatanifu, ambalo wanaisimu wamelizoea katika sarufi, linatumika kwa maana hii ya pili. Ni hali ya mwajiri na mwajiriwa kufikia maelewano yanayoweza kudumu kuhusu namna kazi inavyofanywa.

3.0 Mabadiliko ya Soko la Ajira na Urithi Wake

Utamaduni wa kazi nchini Tanzania haukuanza na kampuni za leo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Agizo la Rais Na. 1 la mwaka 1970 lilianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye kiburi, dharau na uonevu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliutumia kuwahoji mameneja wao, hata kwa migomo. Kwa namna hiyo, shirika la umma lilikuwa zaidi ya mahali pa kupata mshahara. Mfanyakazi alitarajia ajira ya kudumu na pensheni, na alitarajia pia kwamba bosi wake angeweza kuulizwa mbele ya chombo cha pamoja.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalibadili mazingira hayo. Sheria ya mwaka 1991 ilifungua sekta ya benki kwa wawekezaji binafsi, na Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma ilisimamia ubinafsishaji. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na sehemu yake moja ikawa benki ya NMB. Mwaka 2000 hisa nyingi za NBC ziliuzwa kwa kundi la ABSA la Afrika Kusini, na mwaka 2005 sehemu ya hisa za NMB ilinunuliwa na wabia walioongozwa na Rabobank ya Uholanzi. Katika kipindi hichohicho kampuni za simu za mkononi zilipanuka kwa kasi, na baadaye zikafuatiwa na huduma za fedha kwa simu.

Mabadiliko haya yaliingiza ofisini mazoea mapya: malengo ya mwezi, tathmini ya mtu mmojammoja, mikataba ya muda maalumu, na timu ambazo wajumbe wake wengine wako Nairobi au Johannesburg. Hata hivyo, mazoea mapya hayakufuta ya zamani. Katika ofisi moja mtu anaweza kumwamkia msimamizi wake “shikamoo” asubuhi, kisha saa moja baadaye akatakiwa kumkosoa waziwazi kikaoni. Anayekaa kimya husemwa hajiamini. Anayesema husemwa hana adabu. Tatizo hapa haliko katika tabia ya mtu binafsi. Ni matarajio mawili ya kihistoria yaliyokutana katika chumba kimoja bila ya kupatanishwa.

Lugha ni eneo jingine la aina hiyo. Katika kampuni nyingi, mashauri ya kazi hufanyika kwa Kiswahili ukumbini na mezani, lakini kikao rasmi na ripoti huandaliwa kwa Kiingereza. Mfanyakazi anayechambua tatizo kwa ufasaha kwa Kiswahili anaweza kuonekana dhaifu mara kikao kinapoanza. Iwapo wasimamizi wataliita jambo hilo kutoendana na utamaduni, watakuwa wamebadili suala la lugha ya mawasiliano, ambalo lina ufumbuzi, kuwa hukumu juu ya mtu.

4.0 Hatari ya Kuchanganya Upatanifu na Kufanana

Mwaka 1987 Benjamin Schneider alieleza kwamba taasisi huvutia watu wa aina fulani, huwachagua wa aina hiyo, na wasio wa aina hiyo huondoka. Baada ya muda, waliobaki hufanana, na taasisi hupoteza uwezo wa kubadilika wakati mazingira yanapobadilika. Kwa soko la ajira linalobadilika, onyo hili ni la msingi: kampuni inayotafuta watu wanaofanana nayo ilivyo leo inajinyima watu itakaowahitaji kesho.

Lauren Rivera aliongeza upande wa haki. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2012, alifanya mahojiano 120 na watu wanaohusika na kuajiri katika benki za uwekezaji, kampuni za sheria na kampuni za ushauri nchini Marekani. Alibaini kwamba wasaili walitafuta watu wanaofanana nao kwa michezo wanayoipenda, namna ya kutumia muda wa mapumziko na mtindo wa kujieleza, na kwamba mambo haya yaliweza kuzidi uwezo wa kazi. Kwa kuwa mapumziko ya aina hiyo hutegemea malezi na kipato, kilichoitwa upatanifu kilikuwa kwa sehemu kubwa ni tabaka.

Nchini Tanzania, sura ya jambo hili inaweza kuwa tofauti, lakini mantiki ni ileile. Kufanana kunaweza kujificha katika shule ya sekondari waliyosoma wote, lafudhi ya Kiingereza, mahali pa ibada, au asili ya mkoa mmoja. Kujuana, ambako jamii hukulalamikia waziwazi, hupata vazi jipya la kitaalamu: badala ya kusema “huyu ni wetu”, msaili husema “huyu anaendana na utamaduni wetu”. Kifungu cha 7 cha Sheria Na. 6 ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwemo kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na kinaruhusu upendeleo unaotokana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe. Sababu ya “utamaduni” isiyofafanuliwa huweza kuwa mlango wa nyuma wa kupitishia yale yaliyokatazwa mlango wa mbele.

5.0 Sheria Inavyoliona Suala la Kutopatana

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba sheria ya kazi ya Tanzania haikulipuuza suala la kutopatana. Kifungu cha 37 kinataja kupatana na kazi au mazingira ya kazi miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa sababu halali ya kusitisha ajira, sambamba na mwenendo na uwezo wa mfanyakazi. Kanuni za Mwenendo Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinafafanua aina mbili za kutopatana: mfanyakazi kutofaa kwa kazi yake kutokana na tabia au hulka yake, na mfanyakazi kuwa na mahusiano mabaya na wenzake, wateja au watu wengine muhimu kwa shughuli ya mwajiri.

La muhimu zaidi ni utaratibu uliowekwa. Mwajiri anatakiwa kuweka kumbukumbu za matukio yaliyosababisha tatizo halisi kazini, na kumwonya na kumshauri mfanyakazi kabla ya kumwachisha. Vilevile, anatakiwa kumpa nafasi ya kujibu, ya kuondoa chanzo cha kutoelewana, na ya kupendekeza njia nyingine badala ya kuachishwa. Kwa maneno mengine, sheria haikubali hisia kuwa ushahidi. Inataka tukio: lilitokea lini, lilihusu nini, lilileta madhara gani.

Hata hivyo, ulinzi huu haumfikii kila mtu kwa kiwango kimoja. Kwa mujibu wa kifungu cha 35, masharti kuhusu usitishaji wa ajira usio wa haki hayamhusu mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda usiofika miezi 6. Kanuni za mwaka 2007 zinaruhusu muda wa majaribio wa hadi miezi 12, na Mahakama ya Rufani imewahi kuueleza muda huo kuwa ni usaili wa vitendo. Kanuni hizohizo zinamtaka mwajiri mwenye mashaka amjulishe mfanyakazi aliye katika majaribio na kumpa nafasi ya kujibu au kujirekebisha, lakini mgeni wa ofisi mara nyingi halijui sharti hilo. Hivyo basi, hukumu ya kutoendana na utamaduni hutolewa zaidi katika kipindi ambacho mhusika bado hajaujua utamaduni huo, hana mtetezi, na kinga yake ya kisheria ni ndogo.

6.0 Kupima Upatanifu kwa Matukio

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kwamba kigezo ambacho sheria imekiweka mwishoni mwa ajira kihamishiwe mwanzoni mwake. Ikiwa mwajiri anatakiwa kuonesha matukio halisi ili kuthibitisha kwamba mtu hapatani na kampuni, basi msaili na msailiwa nao wanapaswa kuzungumza kwa matukio badala ya sifa.

Kwa upande wa mtafuta kazi, swali la jumla kama “utamaduni wenu ukoje?” huzaa jibu la jumla. Maswali yafuatayo yanagusa ile ngazi ya tatu ya Schein: Mara ya mwisho mfanyakazi wa ngazi ya chini alipopinga uamuzi wa meneja, ilikuwaje? Kosa kubwa lililotokea mwaka huu lilishughulikiwa vipi, na mhusika yuko wapi sasa? Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu aliondoka kwa sababu gani? Msaili asiyekuwa na tukio hata moja la kueleza amekwishajibu.

Mfano wa msiba unaonesha namna tukio moja linavyoweza kufunua utamaduni mzima. Kifungu cha 34 cha Sheria kinatoa likizo yenye malipo ya siku zisizopungua 4 kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hakutajwa. Lakini katika familia nyingi za Kitanzania baba mdogo ni baba, na huenda ndiye aliyemsomesha mfanyakazi huyo. Kampuni moja itasimama kwenye orodha ya sheria. Nyingine itampa ruhusa na wenzake watachanga rambirambi. Nyingine itampa ruhusa, kisha kutokuwapo kwake kutajwe katika tathmini ya mwisho wa mwaka. Kampuni zote tatu zinaweza kuwa zimeandika katika tovuti zao kwamba zinawajali watu wao. Anayeuliza kilichotokea mfanyakazi alipofiwa na baba mdogo atajua zaidi kuliko anayesoma tovuti.

Kwa upande wa mwajiri, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kabla ya usaili, wasaili waandike ni mwenendo upi unaohitajiwa na kazi husika, kwa mfano kutoa taarifa ya kosa siku hiyohiyo, au kufanya uamuzi bila ya kusubiri idhini. Jambo lisiloweza kuandikwa kama mwenendo lisitumike kumkataa mtu. Pili, kila mwombaji aulizwe maswali yaleyale na atakiwe kueleza tukio alilolishughulikia yeye mwenyewe. Tatu, mwajiriwa mpya apewe mlezi wa kikazi, na mashaka yoyote juu yake yaelezwe mapema kwa kutaja tukio, ili apate nafasi ya kujibu. Matokeo ya Chatman yanaonesha kwamba mwajiri anayefanya hivyo hulea upatanifu, badala ya kukaa akiusubiri.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba mtafuta kazi katika soko lenye wahitimu wengi na nafasi chache hana uwezo wa kuchagua, sembuse kumhoji msaili. Dai hili lina ukweli. Hata hivyo, kumjua mwajiri hakuishii katika kumkataa. Anayekubali kazi huku akijua kwamba kampuni hiyo haivumilii kosa la kwanza ataingia akiwa amejiandaa: ataomba maelekezo kwa maandishi, ataweka kumbukumbu zake, na hatashtuka. Mtu huweza kupatana bei hata pale anapohitaji bidhaa kuliko muuzaji anavyohitaji fedha. Tofauti ni kwamba anajua anacholipa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili upatanifu wa mwajiriwa na utamaduni wa kampuni kwa kuuweka katika historia ya ajira nchini Tanzania na katika sheria inayoiongoza. Imebainika kwamba mgongano unaoitwa kutoendana na utamaduni mara nyingi ni mgongano wa matarajio yaliyotokana na zama mbili za ajira, au ni suala la lugha na mawasiliano, na kwamba kuuchukulia kama kasoro ya mtu kunafungua njia ya ubaguzi. Imebainika pia kwamba sheria ya nchi tayari ina kigezo bora kuliko kinachotumika katika usaili mwingi, yaani tukio halisi lililowekewa kumbukumbu, pamoja na haki ya kulijibu.

Tafiti zijazo zinaweza kuchunguza maamuzi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika mashauri ambamo kutopatana kulitajwa kuwa sababu ya kusitisha ajira, ili kubaini ni matukio ya aina gani yaliyokubaliwa na yapi yaliyokataliwa. Uchunguzi wa aina hiyo utawasaidia waajiri kujua mipaka yao, na utawapa wahitimu wanaoingia kazini lugha ya kujitetea wanapoambiwa kwamba hawaendani na mahali ambapo hakuna aliyewaeleza pakoje.